Picha Niliyoifuta Mara Mbili

Katika treni ya chini ya ardhi inayotoka uwanja wa ndege wa Baiyun kuja mjini, mimi hupigwa picha. Nimeishi Guangzhou miaka kumi na minne na bado sijazoea. Mtu anajifanya anasoma ujumbe huku simu kaisimamisha wima usawa wa pua, nawe unajua kabisa kwamba kabla ya chakula cha jioni utakuwa umeonyeshwa kwa mashemeji wote. Mwaka wa kwanza nilikuwa nacheka. Baadaye nikawa nanuna. Siku hizi na mimi natoa simu yangu, nampiga picha yeye, na mara nyingi anashuka kituo kinachofuata hata kama siyo chake.

Siku ninayoikumbuka nilikuwa natoka kusimamia mzigo wa haraka wa ndege, mikoba ya harusi ya mteja wa Dar es Salaam aliyekumbuka kuagiza wakati kadi zimeshagawiwa. Nilikuwa nimechoka, ushungi umelegea, miguu inawaka moto. Pembeni yangu alikaa mama mmoja mweusi, umri umeshapita sitini, mwili wa kujaa, nywele nyeupe zimekatwa karibu na ngozi. Alikuwa amepakata bomba refu la plastiki na kulizungushia mikono yote miwili. Mwanamume aliyekaa mbele yetu akainua simu. Nikanyanyua mkono kujiziba uso, na mama yule naye akanyanyua wake, tukagongana viwiko.

"Shikamoo," nikamwambia, maana nilimwona ni wa kwetu, pengine Mngazija, pengine wa Lindi.

Akanijibu kwa Kiingereza kwamba samahani mwanangu, hakunielewa, yeye katoka Australia. Nikamtazama tena juu mpaka chini. Mimi Australia niliijua kuwa ni Wazungu na kangaruu, basi, na kwa kuwa mdomo wangu hauna mlango nikamwambia hivyohivyo. Alicheka mpaka mwenye simu akaishusha. Akaniambia watu wake ndio wenyeji wa kule, walikuwepo kabla Mzungu wa kwanza hajaota ndoto ya kufika, na mwanamke wa umri wake akiheshimiwa huitwa anti. Nikamwambia hata kwetu. Tangu hapo akawa Anti.

Kesho yake tulikula wali pamoja, kwenye hoteli ndogo ya Waislamu karibu na ninapoishi, na hapo ndipo alipofungua bomba lake. Ndani mlikuwa na turubai la kuchorea, limeviringishwa. Anti ni mchoraji. Alilikunjua nusu juu ya meza, tukasogeza vikombe. Nukta, maelfu ya nukta, nyekundu ya udongo na njano na nyeupe, zikizunguka visima vya maji kama unaviangalia kutoka angani. Katikati palipita barabara nyeusi. Na kona ya chini, upande wa kulia, hapakuwa na kitu. Turubai tupu, ukubwa wa trei.

"Hapa ni pa babu," akasema.

Akanisimulia, na mimi nayaweka hapa kwa ufupi. Serikali ya kule enzi hizo ilikuwa inawachukua watoto waliochanganya damu kutoka kwa mama zao weusi na kuwafungia kwenye nyumba za malezi mbali na kwao, ili wakue wamesahau. Mama yake Anti alichukuliwa akiwa na miaka mitano. Bibi yake alikuwa mwenyeji wa ardhi ile, na babu yake alikuwa Mchina, mpishi na mkulima wa mboga, aliyetoka kijiji kimoja cha huku Huadu, wilaya ya kaskazini mwa Guangzhou. Mama alikufa bila kujua kwao ni wapi. Anti mwenyewe alikuwa mtu mzima mwenye wajukuu alipopewa nakala ya faili la serikali, na kwa faili hilo akawatafuta ndugu wa bibi yake mpaka akawapata. Mzee wa mwisho wa upande ule, dada wa bibi, alimkalisha mchangani na kumchorea kwa kidole visima vya ukoo, kimoja kimoja, na akamruhusu kuvichora. Kabla ya ruhusa hiyo hakuwa ameweka hata nukta moja. Ilimchukua miaka minne kuipata.

"Sasa natafuta wa kuniruhusu upande wa babu," akasema. "Kijiji chake. Mahali alipotoka. Na sijawahi kuona sura yake. Nyumbani kwetu hakuna aliyewahi kuiona."

Mimi nikaona jambo dogo sana. Kazi yangu ni mikoba. Mteja ananitumia picha ya mkoba aliouona kwenye bega la mtu, mimi naupeleka Shiling, mji wa ngozi na mikoba huko Huadu, na baada ya siku kumi pacha wake anatoka. Nikienda kwenye masoko ya jumla ya Liuhua, ambako kila duka limebandika karatasi ya kukataza picha, napiga picha simu ikiwa usawa wa kiuno, sauti imezimwa, macho yangu yakiwa kwenye bidhaa nyingine kabisa. Sijawahi kumwomba mtu ruhusa ya kitu. Nikamwambia Anti twende kijijini, apige picha, arudi achore. Nani atajua?

"Mimi," akasema, akaanza kuviringisha turubai.

Kijiji kilichoandikwa kwenye faili nilikijua. Kiko nje kidogo ya Shiling, na bosi anayenitengenezea mikoba, baba mtu mzima mwenye karakana ya cherehani ishirini, ni wa palepale. Kijiji kizima ni ukoo mmoja, kwa hiyo haikuwa bahati ya ajabu kama inavyosikika. Nilimtumia maelezo, akauliza wazee wake, na siku ya tano akanipigia mwenyewe. Sauti yake haikuwa ya biashara.

"Pengyou," akasema, yaani rafiki, ndivyo wanavyotuita sokoni. "Mtu huyo ni baba wa mama yangu. Alimwacha mama akiwa tumboni. Njooni Jumapili, lakini siahidi kitu. Mama yangu ana miaka zaidi ya tisini na hajawahi kumsamehe."

Njiani Jumapili, kwenye gari la kukodi, nilipiga hesabu ya udugu kwa vidole. Bibi yule, mama yake bosi, na mama yake Anti ni watoto wa baba mmoja. "Kwetu huyu siyo shangazi," nikamwambia. "Ni mama yako mkubwa. Ni mama yako kabisa."

"Kwetu pia," akasema. "Dada wa mama ni mama." Akatazama dirishani na midomo yake ikawa inatetemeka, na mimi hapo ndipo nilipoanza kuharibu.

Nilimfundisha. Nilimwambia, Anti, hawa watu nawajua, ukionyesha kwamba unakitaka kitu wanakukalia kichwani. Usilie. Usimkimbilie bibi wa watu. Kaa kimya, mikono magotini, niachie mimi niongee. Kwa jinsi nilivyokuwa nikijiamini ungedhani nimezaliwa kwenye nyumba ile. Kichina changu chote nimekiokota sokoni: ngozi, zipu, kamba, bei ya mwisho, hamna, punguza. Kikantoni cha wazee nakisikia, nakijibu kwa kuchechemea. Lakini niliona ni kazi ya kawaida, pande mbili na mimi katikati.

Nyumba ilikuwa ya zamani, ya matofali ya kijivu, imezungukwa na majengo mapya yenye karakana chini. Bibi alikaa kwenye kiti cha mwanzi, mdogo, mgongo umepinda, mikono mikubwa ya mtu aliyelima. Hakuolewa nje kama wasichana wengine wa kijiji. Mume ndiye aliyehamia kwao, maana mama yake hakuwa na mtoto mwingine wa kubaki naye. Juu, karibu na dari, palikuwa na rafu ya wahenga: ubani, machungwa matatu, na picha mbili kwenye fremu, mwanamke na mwanamume. Anti aliingia, akaiona rafu, na mara moja akainamisha macho. Hakuyainua tena muda wote tuliokaa pale. Nilidhani anafuata mafunzo yangu.

Nilianza kueleza. Bosi akamimina chai. Bibi akamtazama Anti, muda mrefu, bila aibu, kama mtu anayekagua mshono.

"Huyu hana hata chozi," akasema hatimaye, akimwambia mwanawe. "Amekuja kutafuta nini? Baba yangu hakuwa na mtoto mwingine."

Niliyasikia na sikuyatafsiri. Damu ilinipanda. Bosi alipoinama kuongeza maji ya moto, mkono wangu wenyewe ukashuka na simu usawa wa kiuno, nikaielekeza juu, nikapiga picha. Ilikuwa mazoea tu, wala sikufikiri. Halafu nikafanya lile lingine ambalo pia nalifanya kila wiki. Nikasimama, nikasema basi, hamna shida, tunakwenda, nikamshika Anti mkono na kumvuta mlangoni.

Anayenunua Liuhua analijua hili. Ukiona bei haishuki unakunja uso, unaondoka. Hatua ya kwanza muuzaji anajifanya hakuoni. Ya pili anakohoa. Ya tatu anakuita, "Pengyou, rudi, rudi," na hapo umeshashinda. Katika miaka kumi na minne sikumbuki kufika hatua ya sita. Basi tulitoka kwenye kizingiti na mimi nikawa nahesabu kimoyomoyo. Moja. Mbili. Tatu. Nne, tukapita ndoo ya maji. Sita, saba, tukafika kwenye pikipiki ya bosi. Nyuma yetu mlango ukafungwa, na nikasikia komeo likiteremka.

"Kasema nini?" Anti akauliza.

Nilisimama juani. Hakuna aliyekuwa anauza kitu mle ndani, na mimi nimemtoa mtoto wa watu kwenye nyumba ya mama yake kwa ujanja wa kununulia mikoba.

Ndani ya gari nilimweleza, nusu nusu, nikajaribu kurekebisha palepale. Nikatoa simu. "Lakini usikate tamaa, Anti. Ninayo. Babu yako huyu hapa, nimempiga picha kwenye rafu, anaonekana vizuri kabisa," nikamwelekezea kioo.

Alijiziba macho. Viganja vyote viwili, kwa nguvu, kama mtu aliyerushiwa mchanga.

"Ifute."

"Anti, umetoka mwisho wa dunia..."

"Ifute. Huyo ni marehemu wa watu. Kwetu sura ya aliyekufa haionyeshwi mpaka wenyewe waseme. Kwa nini unadhani sikuinua macho mle ndani?"

Na mimi nina hasira za karibu. Nikamwambia anapoteza bahati, kesho kutwa nyumba ile itavunjwa ijengwe karakana, bibi atakufa, na yeye atabaki na kona yake tupu. Nilisema kwa sauti kubwa mpaka dereva akapunguza mwendo. Anti hakupandisha sauti. Alisema, viganja bado machoni, "Mama yangu alichukuliwa na watu ambao hawakuomba. Babu sitamchukua hivyo."

Nikageuza kioo upande wangu. Akafumbua macho, akaniangalia nikibonyeza kufuta, akanishukuru. Kila mwenye simu anajua kwamba picha ukiifuta haiendi popote; inakaa kwenye kapu la taka mwezi mzima ikisubiri uamuzi wako. Nilijua hivyo na nikanyamaza.

Ndege yake ilikuwa Ijumaa. Jumatatu na Jumanne bosi hakupokea simu zangu. Nilikuwa na oda ya mikoba mia tatu kwake na sikuthubutu hata kuiulizia. Anti alikuja kula wali kila mchana, hakunilaumu, na hilo lilinichoma zaidi. Na mimi, Mungu anisamehe, Jumatatu asubuhi nikiwa nasubiri lifti nilifungua lile kapu nikamtazama yule mzee.

Alikuwa na paji pana na masikio yaliyotokeza. Mdomo umefungwa kama anayezuia kucheka mbele ya mpiga picha. Basi mchana nilipokaa mezani na Anti nililiona paji lilelile likiinama juu ya sahani, na masikio yaleyale pembeni ya nywele zake fupi. Chakula hakikupita. Mjukuu wa mtu hajawahi kuona uso wa babu yake, na mimi, wa kuja, ninaujua. Ananiuliza kama wali umenishinda leo, namjibu nina kiungulia. Nimewahi kudanganya wateja, maofisa, hata mama yangu mzazi kuhusu nauli, lakini uongo huu ulinikaa kifuani kama mwiba wa samaki.

Jumatano bosi alipiga.

"Mama anawataka. Leo hii. Wote wawili." Akaongeza: "Na amesema yule wa ushungi asisahau simu yake."

Anti alipiga makofi kwa furaha, akakimbilia bomba lake. Hakuuliza habari ya simu, sikumwambia. Barabara yote mpaka Huadu kidole gumba changu kilikuwa juu ya lile kapu. Kubonyeza mara moja tu, na hakuna wa kunishtaki. Bibi ana miaka tisini na kitu. Nani atamwamini kwamba aliona? Bosi angenisamehe, oda ingeendelea, Anti asingejua kamwe. Nilijaribu mara tatu. Kila nikifika kwenye alama ya kufuta, yule mzee ananitazama na mdomo wake wa kuzuia kucheka, na najiuliza huyu nikimfuta sasa, na kama mlango utafungwa tena, atakuwa amekwenda wapi? Tuliingia kijijini jasho likinitiririka mgongoni, na kiyoyozi cha gari kilikuwa kinafanya kazi.

Bibi alikuwa kwenye kiti kilekile. Hakutukaribisha chai. Alininyoshea kidole mimi, akasema taratibu, kwa Kikantoni cha kunikusudia nielewe kila neno:

"Macho yangu mabovu, lakini mwanangu ana macho, alikuona. Ulichukua nini kwenye rafu yangu? Mwambie huyu mwenzio. Mwambie kwa lugha yake nisikie."

Bosi hajui Kiingereza. Bibi hajui. Anti hajui Kichina hata cha kuombea maji. Ndani ya chumba kile mimi peke yangu ndiye niliyejua maneno ya pande zote, na ningeweza kusema lolote. Ningeweza kumwambia Anti kwamba bibi anamuuliza habari za safari. Maneno hayo yalikuja mpaka kwenye meno, yamepangwa vizuri, na nilimwona Anti ameinamisha kichwa akisubiri, ananiamini.

Nikamwambia. "Ananituhumu nilipiga picha ya marehemu wake. Ni kweli, unajua. Lakini kuna usilolijua. Sikuifuta. Nilikuonyesha nafuta na bado ninayo, na nimemwangalia. Nimemwangalia Jumatatu, na jana, na leo." Halafu nikageuka nikamwambia bibi yaleyale kwa Kichina changu cha sokoni, na kwa kuwa sikujua namna ya kusema majuto kwa adabu, nilisema nimekosa, nimekosa, kama mara tano.

Anti aliinua uso akanitazama. Sijawahi kuangaliwa vile.

"Na yeye je?" bibi akauliza. "Ameiona?"

"Hapana. Alijiziba macho. Alisema siyo yake kuiona mpaka wewe useme. Ndiyo maana siku ile hakutazama juu. Na kutolia kwake, mimi ndiye niliyemkataza. Na kuondoka, mimi ndiye niliyemvuta."

Nje, cherehani za karakana ya jirani zilikuwa zinakwenda na kusimama, zinakwenda na kusimama. Kisha akamwambia Anti, siyo mimi, ingawa ilinibidi nitafsiri: "Barua zilikuja mpaka nilipokuwa na miaka kumi. Halafu hazikuja tena. Mama yangu alikwenda langoni pa kijiji kila siku ya soko mpaka akafa. Alisema baba amepata mtoto mwingine huko, ametusahau. Wewe ndiye wa huyo mtoto. Niambie alitusahau vipi."

Anti akatoa nakala za faili kwenye mfuko wake. Safari hii hakukaa mikono magotini. Alishuka akakaa chini sakafuni, karibu na miguu ya bibi, akasoma, na mimi nikafuata nyuma kwa lugha yangu mbovu. Sikujua wanaiitaje nyumba ya malezi. Nikasema nyumba ya kufungia watoto. Faili linasema Mchina alikuja langoni kuulizia binti yake akafukuzwa. Linasema amekuja tena. Linasema ameleta machungwa, yamerudishwa. Linasema ameonywa kwamba sheria haimruhusu kuishi na mwanamke mweusi wala kudai mtoto. Mara saba wameandika amekuja langoni. Ya nane wameandika amefungwa. Baada ya hapo hawakuandika kitu juu yake, na hakuna anayejua alizikwa wapi.

Nilipofika kwenye machungwa nilikwama, ikabidi bosi aniambie niendelee. Anti alikuwa analia waziwazi, pua na vyote. Bibi hakulia. Alikuwa anatazama ile karatasi, ambayo hakuweza kuisoma hata kama macho yangekuwa mazima.

"Kwa hiyo na yeye alisimama langoni," akasema.

Kisha akamwamuru mwanawe alete ngazi. Bosi akapanda, akaishusha fremu ya mwanamume. Bibi akaipokea, akaifuta kioo kwa mkono wa blauzi, akaipakata kifudifudi. Akaninyoshea kidole tena.

"Kwanza wewe. Futa ya kwako. Mwanangu aangalie."

Nikafungua kapu mbele ya bosi. Nikafuta kwa mara ya pili, ile ambayo hairudi. Simu iliniuliza kama nina hakika. Bosi akaisogeza karibu na miwani yake, akamwambia mama yake imekwenda. Hapo ndipo bibi alipoigeuza fremu na kuiweka mapajani pa Anti kwa mikono yote miwili, kama tunavyompa mtu kitu cha heshima hata kwetu.

Mimi nikatazama ukuta. Nilisikia Anti akivuta pumzi, na baada ya muda akasema, "Ana masikio ya mama yangu." Nikatafsiri bila kugeuka. Bibi akashika sikio lake mwenyewe, chini ya nywele nyeupe, na kumwonyesha.

Kuhusu ruhusa, Anti aliomba mwenyewe, akalikunjua turubai sakafuni mpaka kwenye kona tupu. Bibi aliuliza atachora nini, maana kijiji kimeharibika. Kidimbwi cha maji kimefukiwa, juu yake pana ghala la mikoba, na huenda mikoba yangu mingi ilishalala pale. Alikataa kabisa ghala lisichorwe. Akachovya kidole kwenye chai ya bosi iliyopoa, na juu ya meza akaanza kuchora: hapa kidimbwi, hapa safu ya milaichi, miti ya matunda, hapa njia ya kwenda sokoni, hapa lango. Chai ilikuwa ikikauka na yeye anachovya tena anarudia. Anti alifuata kwa macho, hakutoa simu, hakutoa hata kalamu. Aliniambia baadaye kwamba hivyohivyo ndivyo dada wa bibi yake alivyofanya mchangani.

"Unaweza," bibi akasema alipomaliza. "Lakini mniweke na mimi langoni. Mdogo, nikiwa na mama."

Kurudi mjini Anti alikaa mbele na dereva. Siku nzima iliyofuata hakuniita mwanangu. Ijumaa nilimsindikiza Baiyun kwa treni, nimembebea bomba, tumekaa kiti kimoja kama siku ya kwanza, na vituo vingi vikapita kabla hajafungua mdomo.

"Nimekuwa nikifikiria ile barabara nyeusi," akasema. "Inayotoka kwenye visima kwenda kwa babu. Kuna mtu alisimama katikati. Ningependa kukuweka. Naruhusiwa?"

Miaka kumi na minne nimepigwa picha katika mji huu, kwenye treni, kwenye lifti, nikila, nikisinzia, na hakuna aliyewahi kuniuliza. Nilitaka kumjibu kwa mzaha kama kawaida yangu, nimwambie asinichore mnene. Nikamwitikia kwa kichwa, naye akanipapasa goti, akasema ahsante, mwanangu.

Nilipopangusa macho nikaona mwanamume mmoja mbele yetu, simu wima usawa wa pua. Mkono wangu ulikwenda kwenye simu yangu, halafu ukarudi. Nikamwambia kwa Kichina, kwa upole ambao mimi mwenyewe sikuutegemea, kwamba aulize kwanza.

Akaona haya. Akaishusha, akauliza. Nikamtafsiria Anti, tukatazamana, na wote wawili tukamwambia hapana.